Goti la mchezaji: namna ya kulikinga, na la kufanya ACL ikikatika

Oktoba 2020 Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, alitoka uwanja wa Goodison Park akichechemea, na miezi iliyofuata kila msikilizaji wa vipindi vya michezo alizizoea herufi tatu: ACL. Julai 2023 Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson, wote wa Arsenal wakati huo, walilitazama Kombe la Dunia la wanawake wakiwa nje kwa jeraha hilohilo. Hao wana madaktari, wana fizio (mtaalamu wa mazoezi tiba) wa kila siku, na mshahara unaingia hata wakiwa kitandani. Mwongozo huu ni wa beki wa kulia wa timu ya mtaa, wa binti anayechezea shule yake kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wa kocha wao anayelipwa nauli tu, na wa dada atakayewauguza nyumbani.

Nimechagua jeraha hili moja. Enka huteguka mara nyingi zaidi, nyama za paja nazo huchanika mara nyingi zaidi, ila ni machache yanayokatisha safari ya mpira kama hili. Isitoshe, mazoezi yanayolikinga yanazikinga na enka na nyama za paja.

ACL ni kano fupi iliyo katikati kabisa ya goti. Imeufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi, inauzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na inalituliza goti pale unapotua au unapogeuka ghafla. Ikikatika kabisa, usitegemee ijiunge na kurudi kama ilivyokuwa.

Hatua ya 1: Jua inavyokatika

Wengi wanadhani goti huvunjwa na rafu. Watafiti waliokagua video za ACL 134 zilizokatika katika soka la kulipwa nchini Italia waliona kwamba asilimia 88 zilikatika bila goti kupigwa moja kwa moja. Mazingira yaliyojirudia zaidi ni mchezaji kumpresi mwenye mpira. Unamfuata kwa kasi, anakupiga chenga, unasimika mguu ugeuke naye. Unyayo umeng'ang'ania ardhi, goti limekaribia kunyooka, kiwiliwili kimeegea upande mwingine, na goti linaingia ndani kulielekea lenzake. Yote yanaisha kabla ubongo haujawahi kusahihisha chochote, kwa hiyo kumpigia mtu kelele "kuwa makini!" kutoka kwenye benchi hakusaidii. Mwili wenyewe uwe umeshazoea kutua na kugeuka vizuri, na hiyo ni kazi ya mazoezini.

Wasichana wako kwenye hatari zaidi, mara mbili au tatu ya wavulana kwa saa zilezile za mchezo. Hutajwa umbo la nyonga, hutajwa homoni. Mimi huongeza sababu tunayoinyamazia: wavulana huanza kurukaruka, kusukumana na kubeba vizito wakiwa wadogo, binti anaambiwa atulie, kisha akifika sekondari anapewa jezi na njumu za kaka yake na kuambiwa akimbie.

Njumu nazo. Kwenye nyasi bandia vaa zenye meno mafupi na mengi. Meno marefu yanakaba kapeti, mguu unabaki chini wakati mwili umeshageuka.

Hatua ya 2: Dakika 20, mara mbili kwa wiki, msimu mzima

Mpango wa mazoezi ya kujikinga na majeraha uliopimwa zaidi duniani unaitwa FIFA 11+. Ni bure, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira na koni (chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha), na una mazoezi 15 katika sehemu tatu. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takribani theluthi moja. Mtu atasema hayo ni ya Ulaya. Ulijaribiwa Lagos pia, kwa vijana wa kiume wa miaka 14 hadi 19, na utafiti uliotoka 2014 ukaonyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41.

Sehemu ya kwanza ni dakika 8 za kukimbia taratibu katikati ya jozi za koni, mkifungua nyonga, mkizungukana wawili wawili, mkigusana mabega hewani. Sehemu ya pili ni dakika 10, na ndiyo moyo wa mpango: ubao wa kifudifudi, ubao wa ubavu, nyama za nyuma ya paja, kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa na kuruka. Kila zoezi lina ngazi tatu, usipande ngazi mpaka uliyopo uifanye kwa usahihi. Sehemu ya tatu ni dakika 2 za mbio kali zenye kukata kona. Siku ya mechi fanyeni ya kwanza na ya tatu, ya pili iacheni ili msiingie uwanjani mmechoka. Kwa watoto wa chini ya miaka 14 kuna mpango wao, 11+ Kids.

Hapa kocha asikimbilie kumaliza orodha. Zoezi la kuruka na kutua peke yake linastahili macho yako yote. Simama mbele ya mchezaji, hatua nne hivi, na umtazame kuanzia kiunoni kwenda chini. Aruke juu kwa miguu yote, atue kwa vidole vya mbele kwanza, magoti yakunjike, makalio yarudi nyuma kidogo, na kila goti likae juu ya vidole vya mguu wake. Kosa utaliona haraka: magoti yanabusiana wakati wa kutua. Utalisikia pia, kwa sababu anayetua vibaya anashuka na kishindo. Kumwambia "usiingize magoti ndani" kunamfanya afikirie magoti na kukakamaa. Mwambie atue kimya, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, na mara nyingi magoti yanajipanga yenyewe. Akishaweza kwa miguu miwili, ahamie mguu mmoja, kisha aruke pembeni, kisha aruke akisukumwa bega kidogo na mwenzake.

Zoezi la nyama za nyuma ya paja, wengine hulijua kama Nordic, hufanywa hivi: piga magoti, mwenzako ashike vifundo vyako kwa nguvu, kisha shuka mbele polepole ukiwa umenyooka toka gotini hadi kichwani, ukijizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka zishindwe, ndipo upokee ardhi kwa mikono. Anza na marudio 3 hadi 5. Timu zinazolifanya hupunguza michaniko ya nyama za paja kwa karibu nusu. Wiki ya kwanza utaumwa ukishuka ngazi za nyumbani, kwa hiyo usilianzishe siku moja kabla ya mechi halafu ukalilaumu.

Tatizo la mpango huu halipo kwenye mpango. Timu huufanya wiki tatu, mechi zikianza kubana unaachwa, mnarudi kuzunguka uwanja mara tano na kunyoosha mguu kwenye nguzo ya goli. Mizunguko hiyo inapasha mwili joto. Kutua haifundishi.

Hatua ya 3: Akianguka uwanjani

Muulize maswali matatu, kwa utulivu, kabla hujamgusa. Je, ulisikia au kuhisi kitu kimelia "pa" ndani ya goti? Je, goti lilikutoka, kama limeteleza na kurudi? Kuna mtu alikugonga? Akisema lilialika, limetoka, na hakuna aliyemgusa, mchukulie ana ACL iliyokatika mpaka daktari aseme vinginevyo. Baada ya hapo angalia uvimbe. Goti likijaa ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu iliyo ndani. Likivimba taratibu mpaka kesho yake, yawezekana ni gegedu la ndani, meniska, ndilo lililoumia.

Maumivu yanaweza kupungua haraka, na huo ndio mtego. Baada ya dakika kumi anasimama, anapiga hatua, anaomba arudi kwa sababu timu iko nyuma bao moja. Asirudi. Goti lisilo na ACL likimtoka mara ya pili linaweza kuchana meniska, na mtu aliyekuwa na jeraha moja analala akiwa na mawili. Anayependekeza achomwe sindano ya ganzi ili amalizie mechi, mwondoeni kwenye benchi.

Usimvute mguu wala kumkanda, na usipake dawa ya kuchua yenye moto siku hizo za kwanza. Fungeni bandeji ya kuvutika, isibane mpaka vidole vikafa ganzi. Wekeni barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mrudie kila baada ya saa mbili au tatu. Muuza soda au muuza samaki aliye karibu na uwanja anayo. Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kwa maumivu parasetamo inatosha kuanzia. Mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo asikimbilie dawa ya maumivu kama diclofenac.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kesho. Goti likionekana limehama, au mguu kuanzia gotini kushuka ukawa wa baridi, umepauka, au hahisi unapogusa, ni hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama goti limejirudi lenyewe. Mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma ya goti, ukichanika au kuziba, saa chache zinatosha kumpotezea mtu mguu.

Na fundi wa kuunga mifupa? Huyo mzee anaheshimika, na mengi anayajua. Lakini ACL si mfupa uliohama. Hakuna cha kurudisha mahali pake, na kulivuta goti lililojaa damu ni kulichana zaidi.

Hatua ya 4: Pata jibu la kweli

Ukishindwa kupiga hatua nne, kukunja goti hadi pembe mraba, au ukigusa pia ya goti ukaruka kwa maumivu, piga eksirei siku hiyo. Lakini jua mpaka wa eksirei: inaonyesha mifupa, kano haionyeshi. "Eksirei iko safi" ni sentensi iliyowarudisha wengi uwanjani na goti bovu.

Kipimo cha kwanza cha ACL ni mikono ya daktari. Unalala chali, anakunja goti kidogo, nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja, wa pili unashika muundi na kuuvuta mbele. Goti zima linasogea kidogo na kugota. Lisilo na ACL linasogea tu, hakuna mgoto. Mwambie apime na goti zima kwanza, wapo watu waliozaliwa na viungo vilegevu. Siku za mwanzo uvimbe na misuli iliyokaza vinaweza kuficha jibu, hivyo ukiambiwa urudi baada ya siku kumi au wiki mbili, rudi kweli.

MRI, picha ya mashine ya sumaku, huthibitisha, na faida yake kubwa ni kuonyesha hali ya meniska. Nchini Tanzania mahali pa kuulizia daktari wa mifupa wa kiwango hicho ni hospitali kubwa: MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ambako upasuaji wa goti kwa kamera hufanyika, KCMC Moshi, Bugando Mwanza.

Kama goti limefunga, yaani halinyooki hata ukilazimisha, usikae nalo. Huenda kipande cha meniska kimejikunja na kukwama katikati. Kikiwahiwa kinaweza kushonwa. Kikichelewa kinakatwa na kutolewa, na goti lililopoteza meniska huzeeka mapema.

Hatua ya 5: Amua kama unahitaji kisu

ACL kukatika hakumaanishi lazima upasuliwe, na hili wachezaji hawapendi kulisikia. Nchini Sweden watu wazima vijana 121 wenye maisha ya mazoezi waligawanywa: kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi tiba, la pili lilianza na mazoezi tiba, upasuaji ukabaki akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili hali za magoti yao, kwa maelezo yao wenyewe, hazikutofautiana, na zaidi ya nusu ya kundi la pili walikuwa hawajapasuliwa. Baada ya miaka mitano, karibu nusu yao bado.

Mimi ningegawa hivi. Kijana anayetaka kurudi kwenye soka, kikapu, netiboli au mpira wa mikono, michezo ya kukata kona, au mtu ambaye goti linamtoka hata akishuka daladala, au mwenye meniska ya kushonwa: huyo upasuaji unamfaa. Mkimbiaji wa barabarani, mwendesha baiskeli, muogeleaji, mtu wa miaka 40 anayecheza Jumamosi kwa furaha: ajaribu kwanza miezi mitatu ya mazoezi tiba ya kweli, kisha aamue. Mtoto ambaye bado anarefuka anahitaji daktari mzoefu wa watoto, kwa sababu matundu ya upasuaji yanapita karibu na sehemu mfupa unapokulia.

Halafu pesa. Piga hesabu ya safari nzima: MRI, upasuaji, skrubu au vifungo vya kushikilia kano mpya, magongo, fizio kwa miezi tisa, nauli, na siku za kazi utakazokosa. Kama una bima, ulizia kila kimoja kwa jina lake, hasa vifaa vinavyobaki mwilini na idadi ya safari za fizio. Kama pesa iliyopo inatosha kisu na haitoshi fizio, usianze na kisu. Goti lililopasuliwa likaachwa bila mazoezi linaweza kuganda, na mwenyewe akachechemea kuliko alivyokuwa. Goti lisilopasuliwa lililofanyiwa mazoezi linaweza kukulimia shamba, kukupandisha ngazi na kukuchezesha na watoto.

Hatua ya 6: Liandae goti kwanza

Usipasuliwe goti likiwa jekundu, limejaa na halinyooki, ukiondoa dharura kama goti lililofunga. Subiri wiki chache, kwa kawaida tatu hadi sita, ukifanya kazi. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji uwe na mambo haya: uvimbe umeisha karibu wote, goti linanyooka sawasawa na lenzake, unatembea bila kuchechemea, na unaweza kuinua mguu ulionyooka bila goti kulegea. Anayeingia na misuli ya paja yenye nguvu anatoka nayo.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Kama una selimundu, au iko kwenye ukoo na hujawahi kupimwa, sema mapema, maana pajani hufungwa kifaa cha kubana damu wakati wa upasuaji. Sigara iache. Na usijinyoe goti nyumbani ili "uwarahisishie". Vijeraha vya wembe ni mlango wa wadudu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, kwa nusu kaputi au ganzi ya mgongoni. Daktari anaingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo pembeni ya pia ya goti na vifaa kupitia tundu la pili, anatazama kila kitu kwenye skrini. Meniska ikiwa imechanika inashonwa kwanza. Kano iliyokatika haishonwi mara nyingi, inawekwa mpya iliyochukuliwa kwako mwenyewe. Anatoboa njia kwenye mfupa wa muundi na wa paja, anaipitisha kano mpya, anaikaza na kuifunga kwa skrubu au kifungo kidogo.

Itatoka wapi hiyo kano? Swali hili lijadili kabla, usiliache kwa daktari peke yake. Njia tatu hutumika sana: kano mbili za nyama za nyuma ya paja zilizokunjwa pamoja, kipande cha kano iliyo chini ya pia ya goti pamoja na vijipande vyake vya mfupa, au kano iliyo juu ya pia. Ile ya chini ya pia hushika vizuri na hupendwa kwa wachezaji vijana, ila huwaachia baadhi ya watu maumivu ya kupiga magoti. Kwa mtu anayesujudu mara tano kwa siku, au fundi wa vigae, au anayepiga magoti kanisani kila asubuhi, si jambo dogo. Wengi hawalisemi, na daktari hakuwahi kuuliza. Kano za nyuma ya paja hazina kero hiyo, lakini nyama za paja hubaki na upungufu kidogo wa nguvu, na kwa vijana kano hiyo hukatika tena mara nyingi zaidi kidogo. Ndiyo maana kwa vijana wa hatari kubwa madaktari wengine huongeza kishikizo cha pembeni ya goti, nje. Katika utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2020, wa watu wa miaka 14 hadi 25 waliowekewa kano za nyuma ya paja, nyongeza hiyo ilishusha kukatika tena kutoka asilimia 11 hadi 4. Muulize daktari wako kama inakuhusu, na muulize amefanya ngapi.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza nyumbani

Huu ndio wakati ambao upendo wa ndugu unaharibu goti. Mgonjwa amelala, dada anamwonea huruma, anamwekea mto laini chini ya goti. Anajisikia vizuri, na goti linaganda limekunjwa. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie hewani na lijinyooshe kwa uzito wake, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Inauma kiasi. Kunyooka kabisa ndilo lengo kuu la wiki hizi, kuliko kukunja. Zoezi la pili: kaza nyama za mbele ya paja kana kwamba unalikandamiza goti kitandani, hesabu mpaka tano, achia. Fanya hivyo kila ukikumbuka.

Panga nyumba kabla ya kwenda hospitali. Choo cha kuchuchumaa hutakiweza kwa wiki kadhaa: tafuta kiti cha plastiki, fundi akitoboe katikati, kiwekwe juu ya shimo. Kulala chini na kuinuka na magongo ni mtihani, azima kitanda. Kurudi nyumbani panda bajaji au teksi ukikaa kiti cha nyuma na mguu umenyooshwa, bodaboda sahau. Mama mwenye nyumba ya ngazi ahamie chumba cha chini.

Magongo utayatumia wiki mbili au zaidi. Ukiwa umeshonwa meniska, masharti hubadilika, mara nyingi hukunji kupita pembe mraba kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo usifuate ratiba ya rafiki yako aliyepasuliwa ACL tupu.

Rudi hospitali bila kusubiri kliniki ukiona mojawapo ya haya: homa na goti linalowaka, usaha au maji yasiyokoma kwenye kidonda, au shavu la mguu limevimba, gumu na linauma. La mwisho linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Usilikande hata kidogo. Likiambatana na kifua kubana au kuhema kwa shida, ni dharura ya dakika hiyo.

Hatua ya 9: Miezi ya kuchosha

Mwezi wa pili goti haliumi, uvimbe umekwisha, unatembea sokoni hakuna anayejua. Kumbe ndani, kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi, kano mpya iko dhaifu kuliko siku ilipowekwa, kwa sababu mwili unaivunja na kuijenga upya. Vijana wengi hurudi kupiga danadana kipindi hiki. Baiskeli ya kusimama, kuchuchumaa nusu, kupanda kijiti au ngazi moja, kusimama mguu mmoja, kubeba uzito unaoongezeka: hiyo ndiyo kazi yako. Pasipo na gym, gunia la mchanga na benchi la mbao vinatosha kwa muda mrefu.

Kukimbia kwa mstari ulionyooka huanza mwezi wa tatu au wa nne, na kuna ruhusa ya goti inayotakiwa kwanza: limenyooka kabisa, halivimbi baada ya mazoezi, na mguu uliopasuliwa una angalau asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake. Kuruka na kukata kona, mwezi wa tano au wa sita kuendelea. Kila asubuhi lilinganishe na lenzake. Likiamka limevimba, jana ulizidisha, rudi hatua moja kwa siku mbili tatu.

Hatua ya 10: Kurudi kwenye mechi

Utafiti wa Oslo na Delaware uliochapishwa 2016 unapaswa kubandikwa ukutani kwa kila kocha: kwa kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, kuumia tena kulipungua kwa karibu nusu. Zlatan Ibrahimović, mshambuliaji wa Manchester United wakati huo, aliumia Aprili 2017 na kurudi Novemba, miezi saba. Kila mtu ananitajia huyo. Hakuna anayemtaja kijana wa mtaani aliyerudi mwezi wa sita na kulikata tena. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia ACL mara ya pili, na mara nyingine ni ya goti la upande wa pili.

Miezi tisa ikitimia bado goti halijapewa ruhusa. Lipime. Chora mstari mchangani, simama mguu mzima, ruka mbele mbali uwezavyo, utue kwa mguu huohuo na ukae bila kuyumba, pima kwa futi ya fundi. Rudia kwa mguu uliopasuliwa. Ukiruka sentimita 150 kwa mzima, uliopasuliwa ufike 135 au zaidi, asilimia 90. Kaa kwenye kiti, inuka kwa mguu mmoja bila mikono, hesabu mara ngapi mpaka ushindwe, linganisha kwa kiwango hichohicho. Mwenzako akurekodi kwa simu ukitua. Huenda unafika umbali na goti linaingia ndani. Huo si ufaulu. Penye fizio mwenye mashine ya kupima nguvu ya paja, mtumie, kwa sababu kuruka huweza kuficha paja dhaifu.

Kichwa nacho kipimwe. Ukikusanya tafiti nyingi pamoja, karibu asilimia 65 ya waliopasuliwa hurudi kwenye kiwango chao cha zamani na asilimia 55 hivi hurudi kwenye mashindano, na woga wa kuumia tena ni miongoni mwa sababu kubwa za wengine kutorudi. Anayeruka juu ya mpira akifikiria goti hayuko tayari, na kumwita mwoga hakumtibu.

Rudi kwa mpangilio: mazoezi na timu bila kugusana, mazoezi kamili kwa wiki kadhaa, kisha dakika 15 au 20 za mwisho kwenye mechi ambayo matokeo yake hayana presha, kwenye uwanja mkavu na usio na mashimo. Kesho yake asubuhi tazama uvimbe kabla ya kumjibu kocha kuhusu mechi ijayo. Dakika 20 za FIFA 11+ zinaendelea mara mbili kwa wiki, miguu yote miwili, kwa muda wote utakaokuwa unavaa njumu.